Dizeli haizuii chumvi: jibu kwa anayekwenda Mokowe kwa pikipiki

Swali: Fundi, mimi ni mwalimu, ninafundisha Kilifi mjini. Likizo ya Desemba ninakusudia kumchukua mke wangu kwa pikipiki yangu ya cc 150, tupite Watamu, Malindi na Mambrui, tuingie Ngomeni tuone bahari, kisha tuendelee hadi Mokowe na kuvuka kwenda Lamu kwa siku tatu. Wenzangu wameniambia niipulizie dizeli pikipiki nzima na nipake mnyororo oili chafu ili chumvi isiile. Nitumie kiasi gani, na nirudie kila baada ya kilomita ngapi?

Jibu: Mwalimu, usitumie hata tone. Swali lako huletwa kwangu kila mwaka kaskazi inapokaribia, na kila mara muulizaji huwa ameshaambiwa na mtu kwamba dizeli ndiyo dawa. Kilichobaki ni kuuliza kipimo tu.

Wanaopuliza dizeli hudhani kwamba kutu huletwa na maji ya bahari, na kwamba pikipiki isiyolowa haina cha kuhofia. Chumvi haingoji wimbi. Upepo huibeba ikiwa vumbi jembamba, ikatua kwenye spoki, kwenye soketi za nyaya na katikati ya pingili za mnyororo, na unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, chembe hizo huvuta maji kutoka hewani zenyewe na kuwa matone ya maji ya chumvi juu ya chuma. Usiku wa pwani yetu unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi, ndiyo sababu pikipiki iliyolazwa nje ikiwa kavu huonekana asubuhi ina madoa mekundu. Ukiipulizia dizeli kabla ya kuiosha, chumvi iko palepale, umeifunika tu.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Dizeli huyeyusha grisi, na grisi ndiyo inayolinda beringi za magurudumu. Huvimbisha mpira, na pikipiki ina mpira kuanzia kwenye sili za shokomzoba hadi kwenye matairi. Oili chafu nayo si grisi ya maskini kama wengi wanavyoiita. Imetolewa kwenye injini kwa sababu imechoka: ina masizi, ina asidi, ina unga wa chuma uliosagika. Ipake kwenye mnyororo, kisha pita kwenye mchanga wa njia ya Ngomeni, na utakuwa umejitengenezea msasa unaozunguka na kula meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, mwendo wote.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea pikipiki akilalamika kwamba breki ya nyuma haishiki. Alikuwa ametoka kuiosha na kupuliziwa dizeli siku mbili kabla, na kwa nje iling'aa kama mpya. Nilipofungua gurudumu, shuu za breki zilikuwa nyeusi na zinateleza kidoleni kama samaki, kwa kuwa dizeli ilikuwa imepenya hadi ndani ya drami. Niliukunja mnyororo mkononi. Pingili nne zilibaki zimekaza bila kurudi. Kijana huyo alikuwa akibeba abiria siku zote hizo mbili.

Sasa safari yako. Kinachoondoa chumvi ni maji matamu, mengi, yasiyo na kasi, kwa sababu mashine ya presha husukuma maji na chumvi yake ndani ya beringi. Nasisitiza matamu. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na anayekuosha kwa maji hayo anakuongezea mzigo ule ule unaoukimbia; yaonje kwa ncha ya ulimi kabla ya kumlipa. Mnyororo usafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, usitumie petroli, ukaushe kwa kitambaa, kisha uutie oili mpya ya gia upande wa ndani ungali na joto la safari. Fanya hivyo jioni ili oili iingie usiku kucha, na asubuhi ufute inayobaki nje. Kila kilomita 500 zinatosha, na kila unapoosha bila kujali kilomita.

Ukishavuka daraja la Sabaki na kuipita Mambrui, utafika Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Hapo hata vumbi la barabarani usilichukulie kuwa vumbi la kawaida. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu. Zipite mchana, na utii utakaloambiwa na polisi kwenye vizuizi. Pikipiki utaiacha Mokowe siku tatu huku nyinyi mko kisiwani, kwa hiyo ioshe kabla ya kupanda boti. Wengi huosha wakirudi, ilhali chumvi hufanya kazi yake pikipiki inaposimama.

Ninaandika kwa ukali kwa sababu jambo hili limekwisha kuvuka wasafiri wa likizo. Sehemu nyingi za kuoshea zina bomba la dizeli pembeni, na mwenye bodaboda hulipia mng'ao akidhani analipia kinga. Siku hizi wako pia wauzaji wa chupa zisizo na lebo, wanazoziita dawa ya kutu. Nimefungua kadhaa, na kwa harufu tu nimejua ni oili chafu iliyochujwa na kuchanganywa na mafuta ya taa. Mnyororo ulioliwa hukatika, na ukijizonga kwenye sproketi gurudumu la nyuma hujifunga papo hapo, mtu akiwa na abiria na mtoto mbele ya tangi. Muuzaji wa chupa hayupo wakati huo. Kwa hiyo mtu akiniletea pikipiki iliyopuliziwa, hata kama amekuja kubadilisha taa tu, sigusi taa kabla sijafungua gurudumu la nyuma na kutazama breki.