Ukienda Ifakara kutazama ndege na viboko, lala siku mbili

Ukitaja Ifakara, mji wa mkoani Morogoro, watu wanakumbuka mchele, au utafiti wa malaria. Mimi nilikwenda kumtafuta sheshe, yule swala wa rangi ya dhahabu anayeishi kandokando ya maji. Kulikuwa na wakati Bonde la Kilombero lilihesabiwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali popote duniani.

Mara ya kwanza nilikosea majira. Nilifika Aprili mto Kilombero umeshafurika, mbuga imegeuka ziwa, njia za udongo hazipitiki na wanyama wamekimbilia nchi kavu, mbali na macho yangu. Nikarudi nyumbani na picha za mawingu. Kwa hiyo nenda kati ya Julai na Oktoba. Maji yanakuwa yamepungua, majani mabichi yanachipua yalikokuwa mafuriko, na sheshe wanashuka kula.

Kufika si kazi. Unakata kona Mikumi, unapita Kidatu na mashamba ya miwa, milima ya Udzungwa ikiwa kuliani kwako karibu njia nzima. Ni kilomita 100 hivi. Treni ya TAZARA nayo inasimama Ifakara, ila kituo kiko nje ya mji, basi panga bodaboda mapema kama unashuka usiku. Nyumba za wageni zipo nyingi na za bei ya kawaida. Kabla hujalipa, kagua chandarua kwa mikono yako, kitundu kwa kitundu. Mbu wa Ifakara si wa kusimuliwa.

Kosa la pili, nililolifanya safari iliyofuata, ni kuufanya mji kama kituo cha kunywa chai. Nilifika saa nne asubuhi, nikaenda mtoni saa sita jua la utosi, nikaona ndege wawili watatu, jioni nikapanda basi. Bonde hili linataka alfajiri, na alfajiri huipati bila kulala hapo.

Safari ya tatu nililala. Jioni nilikwenda Kivukoni, palipokuwa na kivuko kabla ya Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 kufunguliwa mwaka 2018. Nikamsalimia mvuvi mmoja mzee, shikamoo, marahaba, tukazungumza habari za samaki kwanza, kisha nikamweleza shida yangu. Tukapatana bei palepale. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa nimekaa katikati ya mtumbwi wake, ukungu bado umelala juu ya maji.

Kwenye matete karibu na daraja ndipo alipo mnana wa Kilombero, ndege ambaye wanasayansi hawakumwandika hadi mwaka 1990, na makao yake ni bonde hili peke yake. Dume ni wa manjano, uso mweusi. Nilimtazama akisuka kiota kwa muda mrefu hata mzee akaacha kupiga kasia. Mbele zaidi keremkerem walikuwa wakiingia na kutoka kwenye matundu ya ukingo, na kwazi akalia juu ya mti mkavu.

Tulipokaribia kina kirefu, mzee akaanza kugonga ubavu wa mtumbwi.

"Hawa hawapendi kugutushwa, mwanangu. Nagonga wajue tupo."

Vichwa vya viboko vikaibuka kimoja kimoja, tukawapita kwa mbali, tumebana ukingo. Hapo ndipo nakusihi: usiende na kijana aliyekuja mjini juzi kwa sababu tu ana bei nafuu. Tafuta mvuvi aliyekulia mtoni, wengi wao ni Wandamba, na akikwambia leo hatupiti upande ule, usimbembeleze. Nenda na jaketi lako la kujiokolea, maana mitumbwini hutalikuta. Na kama unataka kuingia ndani ya Pori la Akiba la Kilombero, fuata kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kabla ya safari.

Sheshe sikuwaona siku ile. Niliona ng'ombe, na mashamba ya mpunga yaliyosogea hadi ukingoni. Bonde limo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2002, na mto huu ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, lakini malisho ya sheshe yanazidi kuliwa na jembe. Iliniuma sana.

Mzee alipoona nimenyamaza akaniambia nirudi kesho, tutoke mapema zaidi, twende upande wa juu wa mto. Nilimlipa fedha tulizopatana, nikaongeza za samaki aliokosa asubuhi ile. Siku ya pili, kabla jua halijapanda, walikuwa tisa, majike na dume mmoja mwenye pembe, wamesimama kwenye majani yenye umande wakitutazama.