Maji Yanayodondoka Darini Bila Mvua

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwaka jana tulinunua nyumba ya zamani ya mbao hapa Buffalo, jimbo la New York. Theluji ilipokaa juu ya paa siku kadhaa, maji yalianza kudondoka chumbani mwa watoto, ilhali nje hapakuwa na tone la mvua. Mume wangu anasema safari hii atapanda na sepetu aiondoe. Je, afanye hivyo?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Dada yetu, tafadhali mzuie shemeji. Paa la theluji huteleza, na ukingo wake hauonekani.

Sisi tuliokulia chini ya mabati tumezoea kwamba paa likivuja, tundu liko juu. Huko kwenu mara nyingi chanzo kiko chini. Joto la nyumba likipenya dari hulipasha paa, theluji iliyogusana nalo ikayeyuka, na maji yakateremka hadi kwenye upenu, ambako hakuna joto, yakaganda na kuwa kingo ya barafu. Maji yanayofuata hukosa njia, hurudi nyuma na kujipenyeza chini ya vigae vya lami, ambavyo hupangwa kuzuia maji yanayoshuka, si yanayopanda. Ile miiba mirefu ya barafu ambayo watoto huifurahia huenda ndiyo dalili ya kwanza.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya Oktoba, nayo hufanyika juu ya dari. Pandeni na tochi mkague palipotobolewa kupitisha nyaya, taa na mabomba, mzibe nyufa zote kabla ya kuongeza sufu ya kuhami joto, kwa sababu sufu peke yake haizuii hewa kupita. Kandokando ya dohani tumieni bati na gundi inayostahimili moto, kamwe si povu la kawaida la kuzibia nyufa. Matundu ya hewa ya upenuni yasifunikwe, kwani hewa baridi ipitayo hapo ndiyo inayolipoza paa. Asubuhi ya baridi kali mkiona ncha za misumari ya kenchi zimevaa vipovu vyeupe vya barafu, jueni hewa yenye unyevu bado inapanda.

Mifereji ya paa isafishwe majani yakishapukutika. Nunueni pia reki ya theluji yenye mpini mrefu, ambayo shemeji ataitumia akiwa amesimama chini, akivuta theluji ya mita moja au mbili za mwisho juu ya upenu, bila kukwangua vigae.

Kuhusu uzito, theluji mpya ya sentimita 30 inaweza kuwa na kilo 30 hivi kwa kila mita ya mraba, lakini theluji ya kina hichohicho iliyoshindiliana na kulowa hufikia hata kilo 100. Mnakaa kando ya Ziwa Erie, ambalo mvuke wake huzilisha dhoruba: Novemba 2022, mji jirani wa Orchard Park ulipata takriban mita 2 za theluji kwa siku chache. Milango ya ndani ikianza kukwama, dari ikibonyea au kenchi zikilia, tokeni wote, kisha muwaite mafundi.

Na baada ya kila dhoruba, ondoeni theluji iliyoziba bomba la moshi la mtambo wa kupasha joto, kwa maana likiziba, gesi ya kaboni monoksidi, ambayo ni sumu na haina harufu, inaweza kurudi ndani ya nyumba.