Andazi Limeshakunywa Mafuta: Ninavyopika Pudini ya Vitafunio Vilivyolala

Saa kumi na mbili jioni, kabla sijafunga banda langu la chai hapa Ilala, nafungua kabati la kioo na kuhesabu kilichobaki. Siku ya mvua yanaweza kubaki maandazi ishirini, skonzi saba au nane, donati chache na vipande vya keki vilivyoanza kukauka kingo. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nawagawia majirani kidogo, kidogo tunakula nyumbani, na kingine kinaishia kwenye ndoo ya taka. Kiliniuma kila mara. Anayeamka saa tisa usiku kukanda unga anajua uchungu wa kuutupa jioni yake.

Siku hizi mabaki hayo ndiyo pudini ya kesho yake, na wapo wateja wanaoiulizia kabla hawajaagiza chai. Nimeombwa sana nieleze naipikaje. Naandika yote, pamoja na nilipokosea, maana wengi wanaiharibu palepale nilipoiharibu mimi.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga. Nilichukua kipimo cha pudini ya boflo, yaani ya mkate, kama kilivyo: kikombe cha sukari, robo kikombe ya siagi, maziwa, mayai, iliki. Nikakatakata maandazi na donati, nikamimina, nikaingiza kwenye oveni. Baada ya saa nzima juu palikuwa pamekauka, chini yamejikusanya majimaji ya mayai yaliyokatika, na pembezoni mwa trei yanaelea mafuta. Nikapasua kipande kimoja cha andazi kwa kisu. Katikati palikuwa pakavu vilevile kama lilivyotoka kabatini.

Mama alionja, akaweka kijiko chini, hakusema neno mbele ya watoto. Baadaye akanifuata jikoni.

“Mwanangu, andazi limeshakunywa mafuta likashiba. Maziwa yatapita wapi?”

Tangu siku hiyo naanzia kwenye swali hilo. Boflo lina unga, maji, hamira na chumvi, na siagi au sukari yake ni kidogo. Ukilimiminia maziwa linayavuta yote. Vitafunio kila kimoja kina tabia yake. Andazi limekaangwa, lina ganda lililolowa mafuta ambalo linayazuia maziwa nje. Donati ni hivyohivyo, na juu yake kuna sukari. Skonzi ni ndugu wa mkate, inavuta vizuri sana. Keki inavuta haraka mno, kisha inasambaratika ikawa uji. Kroasanti, ule mkate wa Kifaransa wa matabaka, ina siagi nyingi ndani, lakini matabaka yake ni mepesi na yanapokea maziwa kwa dakika chache tu. Ukivitupa vyote kwenye bakuli moja kwa pamoja, keki itakuwa imeyeyuka wakati andazi bado halijalowa.

Kwa hiyo mimi navitenganisha tangu jioni. Maandazi na donati siyakati kwa kisu, nayachana kwa mkono. Kisu kinaacha uso laini uliobanwa, mkono unafungua nyama ya ndani ikabaki na matundu, na hapo ndipo maziwa yanapoingilia. Skonzi nakata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Keki naiacha nzima mpaka wakati wa kupanga.

Kuhusu kuhifadhi nina maneno kidogo, kwa sababu hapa ndipo pudini inapofaulu au kuharibika kabla hujawasha jiko. Zamani nilikuwa naviweka kwenye rambo na kufunga fundo. Joto la Dar likishika, asubuhi unakuta matone ya maji ndani ya mfuko na vitafunio vinateleza. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019 nililalamika kama wengine, lakini kwa jambo hili nilinufaika. Sasa navitandaza kwenye sinia, nafunika kwa kitambaa cha pamba, hewa inapita na vinakauka taratibu. Friji siitumii kwa kazi hii. Mkate ukikaa kwenye friji unakuwa mgumu upesi kuliko uliokaa mezani, ila ugumu ule unatokana na wanga kujikaza, unyevu bado umo ndani, na kitu chenye unyevu hakina nafasi ya maziwa. Ukitaka kukusanya mpaka mwisho wa wiki, weka kwenye friza. Wakati wa masika usiviache siniani zaidi ya usiku mmoja, kuvu inawahi. Na kipande chenye kuvu usikikwangue ukatumia kilichobaki. Mizizi yake inakuwa imeshaingia ndani pasipoonekana. Tupa, na vilivyogusana nacho pia.

Kama asubuhi bado ni laini, navipitisha kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika kumi, au kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo huku nikivigeuza. Maandazi hapo yanatoa mafuta kidogo. Yafute kwa karatasi ya jikoni.

Sasa vipimo. Kwa trei inayotosha watu wanane natumia gramu 400 za vitafunio vilivyochanganyika, mililita 600 za maziwa na mayai manne. Sukari hapa ndiyo inayotaka akili. Kama mchanganyiko wangu una donati na keki, siongezi hata chembe. Kama ni maandazi na skonzi tu, naweka vijiko viwili vya chakula, basi. Onja maziwa yako kabla ya kumimina, yawe na utamu mdogo kuliko unaoutaka, kwa sababu vitafunio vitaongeza wa kwao. Siagi naitumia kupaka trei peke yake. Halafu chumvi, nusu kijiko cha chai, msiisahau jamani. Bila chumvi utamu unachosha baada ya vijiko vitatu. Iliki punje sita zilizotwangwa, kungumanga kidogo ya kukwaruza, zabibu kiganja kimoja. Maandazi yangu yana iliki na tui tayari, kwa hiyo yakiwa mengi napunguza iliki ya kuongeza. Tui la nazi naweza kuliweka mahali pa theluthi ya maziwa, na inanukia vizuri mno, ila na mafuta ya tui nayo uyahesabu.

Jambo alilonifundisha mama siku ile, na ambalo sijaona wengi wakilifanya, ni kuyanywesha maandazi maziwa kwanza, mayai baadaye. Chukua nusu ya maziwa, yapashe moto mpaka yaanze kutoa mvuke pembeni, usiyachemshe. Mimina juu ya maandazi na donati ulizochana, funika bakuli, subiri dakika ishirini. Maziwa ya moto yanalegeza yale mafuta kwenye ganda na kupenya. Kisha chukua kipande kimoja kinene ukiminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikikubali mpaka katikati kama sifongo, kiko tayari. Ukihisi kitu kama punje ya mbaazi ndani kinachokataa kubonyea, ongeza dakika kumi. Kile kipunje ndicho kitakachokuwa unga mkavu mdomoni mwa mgeni wako.

Maziwa yaliyobaki, ya baridi, nayapiga pamoja na mayai na viungo, nayachuja. Kisha napanga: chini skonzi, juu yake maandazi yaliyoshiba, katikati navunjia keki kwa vipande vikubwa bila kubonyeza, juu kabisa donati au kroasanti kama ipo. Namimina mchanganyiko wa mayai polepole kuanzia pembeni. Usishindilie. Acha ncha zitokeze juu, ndizo zitakazopata rangi. Pumzisha dakika kumi na tano.

Kuhusu moto, kumbukeni kwamba kinachoshikilia pudini ni yai, na yai halipendi haraka. Yai lililochanganywa na maziwa huanza kuganda karibu nyuzi 80, na likizidi hapo kidogo tu linakatika, linajikunja na kutema maji. Yale majimaji ya Jumapili ile hayakuwa maziwa yaliyozidi, ulikuwa moto uliozidi. Sasa naweka trei ndani ya trei kubwa, namimina maji ya moto mpaka nusu ya kimo chake, oveni nyuzi 160, kwa dakika arobaini na tano hivi. Maji yanazuia moto mkali usiifikie pudini moja kwa moja.

Wasio na oveni wasijali. Mimi mwenyewe umeme ukikatika narudi kwenye jiko la mkaa. Wengi wetu tunaoka keki kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini; kwa pudini weka maji badala ya mchanga, na kigae au kitako cha chuma cha kukalia sufuria ndogo isiguse kitako cha ile kubwa. Funika ile ndogo kwa sahani ili mvuke usidondoke ndani. Moto wa chini uwe mdogo. Ikishaganda, mwaga maji, rudisha sufuria ikiwa kavu, palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika nane au kumi kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina, utapata rangi ya juu. Usiondoke. Nimewahi kwenda kupokea mteja nikarudi nikakuta juu pameungua.

Utajuaje imeiva? Tikisa trei kidogo. Pembeni pawe pametulia, na katikati patetemeke mara moja kwa pamoja, kama maziwa mgando kwenye kibuyu. Kama katikati panacheza kama maji, bado. Chomeka kisu, kikitoka na unyevu bila maziwa ya rangi nyeupe, toa, hata kama moyo unakwambia uongeze dakika tano. Itaendelea kuiva nje ya moto. Iache nusu saa kabla ya kukata.

Kuna vitu ambavyo siviweki kabisa. Sambusa na chochote chenye nyama, hata ukitoa nyama, harufu ya kitunguu inabaki. Keki yenye krimu iliyoshinda kwenye joto. Kitafunio kilichokatwa na mteja akakiacha mezani. Vileja siviloweki kwa sababu vinakuwa tope, ila navisaga kwa mkono na kunyunyizia juu dakika kumi za mwisho, vinatoa ukoko mtamu sana.

Kama unauza, mwambie mteja ukweli kwamba imepikwa kwa vitafunio vya jana, na kama ndani kuna karanga au korosho mtaje kabla hajala. Mimi nauza kipande kwa bei ya maandazi mawili, na sijaona anayekunja uso nikimweleza. Pudini ina mayai na maziwa, kwa hiyo usiiache kabatini kutwa nzima. Kabla haijatimiza saa mbili nje kwenye joto letu, irudi kwenye friji, na isipite siku mbili.

Jambo la mwisho ni la kroasanti, kwa wanaozipata. Siku hizi kuna maduka ya mikate mjini yanayozipunguza bei jioni. Shangazi yangu anaishi Muscat, na alipokuja likizo aliziona jikoni kwangu akacheka kwa furaha, kwamba kwao huko hizo ndizo za kupikia Umm Ali, kitu cha Wamisri ambacho nchi za Ghuba zote zimekipenda. Hakina yai. Unachana kroasanti kavu, unatupia lozi, zabibu na nazi iliyokunwa, unamimina maziwa ya moto yenye sukari kidogo, juu unaweka krimu, unaingiza kwenye oveni kali dakika kumi na tano mpaka juu pabadilike rangi. Linaliwa la moto, kwa bakuli na kijiko. Tulilipika usiku ule kwa kroasanti sita zilizolala siku mbili, na shangazi akanisisitizia nimimine maziwa mpaka yafunike kabisa, hata kama yanaonekana mengi, kwa sababu yatanyweka yote kabla hayajafika mezani. Yalinyweka.