Petaling Street ilijengwa na nani?

Umeuliza kama Petaling Street ya Kuala Lumpur ni kazi ya Waingereza au ya Wachina. Wachina ndio walioanza, tena kabla ya serikali ya kikoloni kuweka makao pale. Wachimbaji wa madini ya bati walifika mwaka 1857, na mji ukakua chini ya Yap Ah Loy, Mchina wa jamii ya Wahakka aliyekuwa Kapitan, yaani kiongozi, wa Wachina tangu mwisho wa miaka ya 1860 hadi alipofariki 1885. Petaling Street ilikuwa na kinu cha Yap cha kusaga muhogo kutoa wanga. Ndiyo, muhogo huu huu wetu!

Mkono wa Waingereza unaonekana zaidi kwenye majengo. Mwaka 1881 moto uliteketeza nyumba za mbao na makuti, na mwaka huohuo yakaja mafuriko. Frank Swettenham, mkuu wa utawala wa Waingereza katika jimbo la Selangor, ulimokuwa mji huo, akashinikiza watu wajenge kwa matofali na vigae. Ndiyo asili ya zile nyumba nyembamba kwa mbele, ndefu kwenda nyuma: duka chini, familia juu, na baraza lenye paa linalounganisha maduka, mpita njia asinyeshewe.

Kwa hiyo kuuita mtaa wa kikoloni tu ni kuwadhulumu waliouanzisha. Ukifika, usiishie kwenye vibanda vya mikoba. Tembelea hekalu la Sin Sze Si Ya lililo karibu, ambalo Yap Ah Loy mwenyewe ndiye aliyelianzisha.