Ramani ya nyumba kwa sie wa Tanga: anza na uani, sura ya mbele baadae

Tangu tuhamie kwetu huku Kange napata watu wengi wanaotaka ushauri wa ramani, na karibu wote wanakuja vilevile, simu mkononi, dada hebu niangalizie hii, na picha yenyewe ni ya mbele ya nyumba tu, nguzo mbili, bati limefichwa, taa za ukutani na gari limepaki. Mie huwa nauliza huko nyuma kukoje. Hakuna anaejua. Picha ya nyuma haipo na mara nyingi hata vipimo vya vyumba havijasomwa, kilichopendwa ni ile sura.

Ushauri wangu uko kinyume na hapo na ntausema kwa kila atakaeniuliza: anza na uani, kisha jiko, kisha vyumba vya kulala, sebule ifuate, na sura ya mbele iwe ya mwisho kabisa. Kwanini? Kwasababu sie watu wa pwani tunaishi uani. Asubuhi mkaa unawashwa uani, nazi inakunwa uani, samaki wanaparwa uani, nguo zinafuliwa na kuanikwa hukohuko, na jua likishapoa mkeka unatandikwa watu wanapiga soga mpaka magharibi. Sebuleni tunaingia usiku kuangalia taarifa ya habari au akija mgeni. Sasa mtu ana kiwanja cha mita 20 kwa 20, nyumba anaisukuma nyuma ili mbele apate paking na maua, huku nyuma inabaki njia ya mita moja na nusu kati ya ukuta na fensi na hapohapo ndo pana chemba na shimo la choo. Siku ya shughuli masufuria yatakaa wapi? Yatakwenda kukaa mbele, kwenye ile paking, mbele ya macho ya kila anaepita.

Kwahiyo kabla hujafungua hata picha moja kaa na watu wako wa nyumbani muandike siku yenu inavyokwenda, kuanzia anaeamka wa kwanza mpaka anaefunga mlango usiku. Sie tulifanya hivyo mezani, mume wangu na watoto na mama mkwe ambae tunaishi nae, na ilisaidia kuliko chochote. Nani anapika na anapikia nini, mkaa au gesi au vyote. Wageni wanaokuja wanalala au wanaondoka, na wakilala ni wawili au ni basi zima kutoka Lushoto na Pangani wakati wa harusi. Watoto wa kike na wa kiume watatenganishwa vyumba lini. Nani anasoma usiku. Nani ana biashara ya kuuzia nyumbani, barafu, mandazi, cherehani. Ukishakuwa na karatasi hiyo utashangaa ramani nyingi za kwenye simu zinavyojitoa zenyewe.

Mama mkwe alipoonyeshwa mchoro wa kwanza hakuuliza habari ya nguzo wala taa. Alivaa miwani akaishika ile karatasi karibu na dirisha akasema, "Mwanangu, mie nikiamka usiku kwenda chooni napita wapi?" Tukafuata kwa kidole, kutoka chumba chake, korido yote, kukata sebule, ndo unafika kwenye choo cha pablik. Mchoraji akabadilisha pale, chumba cha mama kikasogezwa ukuta mmoja na choo, mlango wa choo ukapanuliwa kufika sentimita 90 na kizingiti kikatolewa, maana mlango wa 70 ambao mafundi wamezoea kuuweka vyooni kiti cha magurudumu kinapita kwa taabu sana au hakipiti, na magoti ya wazee hayangoji nyumba iishe. Kama una mzee ndani, au mnategemea mzee atakuja kukaa nanyi, swali la mama mkwe wangu liwe la kwanza kwenye kila ramani unayoiangalia.

Alafu upepo na jua, na hapa ramani za kwenye simu haziwezi kukusaidia kwasababu aliyezichora hajui kiwanja chako kimeangalia wapi. Huku kwetu kusi inavuma kutokea kusini mashariki, na kaskazi inatokea kaskazini mashariki, ile ya Desemba mpaka Machi joto linapokuwa kali. Zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake. Kwahiyo vyumba vya kulala viweke mashariki vipate upepo mwaka mzima, na jiko la mkaa, vyoo na stoo viweke magharibi, moshi na harufu vichukuliwe viende zake badala ya kuingizwa ndani. Tena ule upande wa magharibi ndo unaopigwa na jua la alasiri, ukuta wa tofali unalinyonya joto kuanzia saa tisa alafu unalirudisha chumbani usiku wakati wewe unataka kulala. Stoo ikipata joto haina shida, mtoto mchanga akipata joto hamlali nyumba nzima. Nyumba ndefu basi iwe na ubavu mfupi magharibi na mashariki, zile kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini ambako jua haliziumizi sana.

Na kila chumba cha kulala kidai madirisha kwenye kuta mbili. Dirisha moja hata liwe kubwa vipi upepo hauna pa kutokea. Chunga pia haya ya aluminiamu ya kuslaidi, yanapendeza lakini linafunguka nusu tu, nusu nyingine imezibwa na kioo muda wote, kwahiyo dirisha la mita moja na nusu kwa upepo ni kama la sentimita 75. Ukipenda aluminiamu weka ya kufungua kwa nje kama mlango, au ongeza upana kwenye ramani kabla fundi hajapanga tofali.

Tazameni zile nyumba za zamani za Ngamiani, kwenye barabara za namba. Mlango wa mbele, korido imenyooka katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uani, na uani pana jiko, bafu na choo. Fungua milango yote miwili saa nane mchana simama katikati ya korido, utasikia. Wale mafundi walijua walichokuwa wanafanya na baraza ya mbele ilikuwa inamaliza kabisa habari ya mgeni wa kiume ambae hana sababu ya kuingia ndani, anakaa pale anapata kahawa yake anaondoka, na mama wa nyumba hajalazimika kujitanda haraka haraka. Mie siwaambii mjenge nyumba ya Ngamiani, nasema mchukue yale mawili, hewa ya kupita moja kwa moja na sehemu ya mgeni isiyopita katikati ya maisha ya watu. Kwenye ramani za sasa hivi jikoni unafika kwa kukata sebule, kwahiyo mgeni akikaa nusu saa mtoto wa kike anajifungia jikoni nusu saa. Omba mlango wa pili unaotoka jikoni kwenda uani na njia ya kwenda vyumbani isiyopita mbele ya makochi.

Kwa Waislamu wenzangu kuna la choo. Kutoka Tanga kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, hivyo bakuli la choo liangalie mashariki au magharibi usielekee kibla wala usikipe mgongo. Hili mwambie mchoraji siku ya kwanza. Bomba la choo likishalazwa chini ya jamvi, lile zege la sakafu, kugeuza ni kuvunja.

Sasa vipimo. Watu wanahesabu vyumba, vitatu, vinne, hawahesabu mita. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3. Kwanza muulize mchoraji hiyo 3 ni ya ndani au ni katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta, maana kama ni katikati basi sentimita 15 zinaliwa na tofali la inchi 6 na kama 2 za plasta kila upande, umebaki na mita 2 na sentimita 81. Kitanda cha 6 kwa 6 pamoja na mbao zake kinakaribia mita 2. Kabati la nguo kina chake sentimita 60. Hesabu sasa, imebaki sentimita 21 kati ya kitanda na kabati, mlango wa kabati haufunguki, na kutandika kitanda unapanda juu yake. Chumba hichohicho kikiwa na futi 12 za ndani, yaani kama mita 3 na sentimita 65, unapita vizuri na mkeka wa kuswalia unapata nafasi. Mie ningechagua vyumba vitatu vya namna hiyo kuliko vinne vya kubanana, bila kufikiria mara mbili.

Pesa nyingi inapotelea kwenye korido na kona. Korido ya mita 8 kwa upana wa mita 1.2 ni mita za mraba 9.6, hicho ni chumba kizima umekijengea msingi na bati ili mtu apite tu. Na kona vilevile, nyumba ya mita 10 kwa 10 kuta zake za nje ni mita 40, ukiirefusha iwe 20 kwa 5 eneo ni lilelile mia moja lakini kuta zimekuwa mita 50, na kila inapojikunja kunja paa linapata bonde, pale miteremko miwili ya bati inapokutana, na bonde ndo mahali maji yanapotafutia njia. Sipingi nyumba ndefu kama kiwanja kinataka hivyo, upepo wake ni mzuri, ila ujue unalipia nini.

Paa la kuficha bati sitasema mengi. Masika ya Tanga si ya mchezo, na pale gata iko ndani ya ukuta, majani ya muembe yakiziba maji yanarudi kwenye jipsamu yako. Bati lililotoka nje ya ukuta futi 2 au 3 linakupa kivuli kwenye madirisha na mvua haigongi plasta, na maji unayakinga kwa urahisi, mvua ya milimita 10 kwenye bati la mita za mraba 100 inakaribia lita 1000, tangi zima. Kama unalipenda la kuficha weka fundi anaelijua na njia ya kupanda kusafisha.

Ukishabaki na ramani moja au mbili, nenda nazo kiwanjani kabla ya kulipa chochote kikubwa. Chukua chokaa, kamba, futi ya mkono na vijiti, chora nyumba nzima chini kwa ukubwa wake halisi, kuta zote, acha nafasi za milango. Tandika mikeka pale vitakapokaa vitanda. Alafu ishi humo asubuhi moja, sifanyi utani, nendeni familia nzima. Sie mwanangu mkubwa alibeba ndoo ya maji kutoka sehemu ya tangi mpaka jikoni akapita alipotakiwa kupita, na pale kwenye kona ya dainingi ndoo ilikuwa inagusa "meza" kila safari, tuliweka kreti za soda ziwe meza. Ule mlango ulisogezwa sentimita 40 kwa kufuta chokaa na mguu. Kaeni mpaka alasiri kidogo muone jua linaangukia wapi na upepo unatokea wapi, maana nyumba ya jirani ikiwa ndefu inaweza kuwa imeshawakatia.

Na kwasababu wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, angalia ramani inakubali kuhamiwa kabla haijaisha au la. Yetu tuliitaka hivyo, vyumba viwili, choo na jiko vikae upande mmoja vipauliwe na kufungwa milango kwanza, tukatoka kwenye kupanga tukaingia, sebule ikabaki rafu na madirisha tumeziba kwa tofali. Ramani ambayo masta iko kona hii, jiko kona ile na choo katikati lazima uimalize yote ndo uingie, na hapo ndo mapagale yanapoota nyasi wakati kodi inaendelea kulipwa.

Mchoraji usimwendee mikono mitupu. Mpelekee vipimo vya kiwanja pande zote nne, barabara iko upande gani, kaskazini iko wapi, maji ya mvua yanatiririkia wapi, na ile karatasi ya siku yenu. Mwambie bajeti ya kweli. Kubali akukatalie vitu, mchoraji anaesema ndio kwa kila kitu mie ananipa wasiwasi. Mkishaelewana ramani ipelekwe halmashauri kuombewa kibali kabla ya msingi kuchimbwa, na toa nakala kubwa mbili, moja ya fundi kule saiti ambayo itachafuka na kuchanika, nyingine ikae kwako ndani, siku fundi akikwambia "mama hapa ilichorwa hivi" uifungue mezani muangalie wote.