Usitie saini kazi ambayo hukuifanya: kwa wanaoanza kazi ya gesi ya mji

Kuna miji Marekani ambako gesi ya kupikia na kupasha nyumba joto haiuzwi na kampuni. Inauzwa na mji wenyewe, kwa mabomba ya mji, chini ya barabara za mji. Mifumo ya aina hii iko takriban 1,000. Ule wa Philadelphia ndio mkubwa kuliko yote, lakini mingi ni midogo: msimamizi mmoja, mafundi wachache, na ofisi iliyo jengo moja na idara ya maji. Idara hizi huajiri watu wasio na shahada na kuwafundisha kazini, kwa hiyo ndugu zetu waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya na Tanzania wanaziona kama mlango mzuri, na ni kweli mlango ni mzuri. Nawaandikia hao. Na wewe uliye Dar es Salaam au Mtwara, ambako gesi ya bomba imefika kwenye baadhi ya nyumba, kanuni zako ni nyingine ila gesi ni ile ile.

Sheria ya usalama wa mabomba ya gesi ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1968. Kanuni utakazoishi nazo ziko katika Kanuni za Shirikisho namba 49, Sehemu ya 192. Sehemu ya 191 inahusu taarifa za ajali, na Sehemu ya 199 inahusu kupimwa dawa za kulevya na pombe. Wakala wa serikali kuu anayesimamia yote haya ni PHMSA, chini ya Wizara ya Uchukuzi, lakini mkaguzi atakayegonga mlango wenu kwa kawaida ni wa jimbo. Jimbo likishaidhinishwa hukagua kwa niaba ya serikali kuu, na lina ruhusa ya kuongeza ukali, si kuupunguza. Kwa hiyo soma kanuni za pande zote mbili.

Kosa la kwanza la fikra nililokutana nalo kwenye miji ni hili: "Sisi ni serikali, nani atatupiga faini?" Mji unaoendesha mabomba ya gesi ni mwendeshaji kama kampuni yoyote. Kwa sheria ya shirikisho kosa moja linaweza kugharimu zaidi ya dola 200,000 kwa siku, na mfululizo wa makosa unaohusiana zaidi ya dola 2,000,000. Ni kweli faini ya mji mdogo mwishowe inalipwa na wateja wale wale tunaotakiwa kuwalinda, na wapo wanaosema kwa sababu hiyo miji isitozwe. Sikubaliani nao. Baraza la mji linaloahirisha kila mwaka kubadilisha mabomba ya chuma tupu, yasiyofunikwa dhidi ya kutu, husikia vizuri zaidi barua ya mkaguzi kuliko maombi ya msimamizi wake. Nimeona fedha zilizokosekana kwa miaka zikipatikana muda mfupi baada ya barua hiyo kufika. Usimchukie mkaguzi. Mara nyingi ndiye pekee anayesema kwa nguvu jambo ambalo fundi wenu analijua tangu zamani.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo miji mingi huangukia. Kazi nyingi za ukaguzi zimeandikwa hivi: mara moja kila mwaka wa kalenda, na isipite miezi 15 tangu mara ya mwisho. Hayo ni masharti mawili, na lazima yote yatimie. Ukikagua valvu ya dharura tarehe 10 Januari 2024, ukaguzi unaofuata hauwezi kusubiri Desemba 2025 eti kwa kuwa bado ni mwaka 2025. Mwisho wako ni tarehe 10 Aprili. Ukikagua tarehe 5 Novemba 2024, miezi 15 inakupeleka mpaka Februari 2026, lakini mwaka 2025 utakuwa umepita mtupu, na hilo ni kosa. Vituo vya kupunguza presha na vipimo vya kinga ya umeme dhidi ya kutu vinafuata mpangilio huo huo. Rektifaya, yaani mashine inayopeleka umeme kwenye bomba ili kulikinga na kutu, hukaguliwa mara sita kwa mwaka, bila kuzidi miezi miwili na nusu kati ya ukaguzi na ukaguzi. Kutafuta uvujaji katikati ya mji, penye maduka na ofisi, ni kila mwaka. Kwingineko ni angalau mara moja kila miaka 5 isiyozidi miezi 63. Na kwenye chuma kisicho na kinga dhidi ya kutu ni kila miaka 3 isiyozidi miezi 39.

Ushauri wangu ni kupanga kana kwamba hiyo miezi mitatu ya ziada haipo. Valvu zote ziwe mwezi uleule kila mwaka, kabla baridi haijaanza, na ratiba ijulikane na watu wawili au zaidi. Mji mdogo huwa na mzee mmoja anayebeba ratiba yote kichwani. Akistaafu, mkaguzi ndiye anayegundua kilichosahaulika.

Tarehe ikipita, ndipo unapokuja mtihani ambao nataka ujiandae nao mapema. Mtu atakuja na fomu na kusema andika tu, valvu ile haijawahi kuwa na shida. Usiandike. Ukaguzi uliochelewa ni kosa linalorekebishika: nenda ukaufanye leo, andika tarehe ya leo, eleza kwa nini umechelewa. Ukaguzi wa kubuni ni uongo kwenye kumbukumbu za usalama, na unaweza kuwa jinai. Tena wakaguzi wanaujua. Wanatazama vipimo vya miaka mitano vinavyofanana mpaka desimali, kurasa za miezi kumi na miwili zilizojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, tarehe iliyoangukia siku ya dhoruba ambayo kila mtu alikuwa kwenye simu za dharura. Wanalinganisha na karatasi za saa za kazi. Lakini hata kama asingekuwepo mkaguzi, siku bomba litakapokatwa, kuna fundi atakayekimbilia valvu hiyo akiamini inazunguka kwa sababu saini yako inasema ulijaribu kuizungusha.

Kwa sisi tuliolelewa kumheshimu mkubwa hili ni gumu zaidi. Kumwambia mtu wa umri wa baba yako kwamba hutatia saini, mbele za watu, katika lugha uliyojifunza ukubwani, si jambo dogo. Heshima haidai usaini. Mwambie pembeni: "Mzee, nipeleke nikaione kwanza, kisha nitasaini." Wengi watakupeleka. Asiyetaka kukupeleka, linda usalama wako na wa wengine kwa kulifikisha jambo kwa msimamizi.

Kanuni zenyewe ziko upande wako. Kazi zinazogusa usalama wa bomba hufanywa na mtu aliyethibitishwa kwa kazi hiyo mahususi, au na mtu mwingine akiwa chini ya macho ya aliyethibitishwa. Kama hujathibitishwa kuunganisha bomba la plastiki kwa joto, usiunganishe, hata kama uliwahi kuifanya kazi hiyo nchini kwako na unaiweza. Na usipoelewa maelekezo uliza tena, mara ya pili na ya tatu. Hapa kuitikia "ndiyo" kwa adabu bila kuelewa ni hatari.

Soma pia kitabu cha taratibu cha mji wenu. Kisome chote, maana pengine hakuna mwingine aliyekisoma. Miji mingi hununua kitabu kilichotayarishwa na mshauri na kukiweka kabatini. Tatizo ni kwamba kanuni inamtaka mwendeshaji afuate taratibu zake mwenyewe. Kitabu kikisema mashine ya kupima gesi itasahihishwa kila mwezi, na nyinyi mnaisahihisha kila miezi mitatu, mmevunja kanuni, hata kama hakuna mahali pengine panapodai kila mwezi. Kitabu kipitiwe kila mwaka na mafundi wenyewe, waseme wanachofanya kweli. Pale kinapodai jambo lisilowezekana kirekebishwe kabla mkaguzi hajakifungua.

Kuhusu harufu. Gesi asilia haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937 gesi isiyo na harufu ilijikusanya chini ya shule ya New London, Texas, ikalipuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Tangu hapo dawa ya harufu ikawa sheria. Kiwango cha leo ni kwamba pua ya kawaida iitambue gesi ikiwa imefika sehemu moja ya tano ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani karibu asilimia 1 hewani, kwa kuwa gesi huanza kuweza kulipuka karibu asilimia 5. Pima harufu mwisho wa mtandao, mbali na lango la mji, yaani kituo ambako gesi huingia kwenye mabomba ya mji, maana huko mwisho ndiko inakoweza kufifia. Bomba jipya linaweza kuinyonya harufu, na udongo unaweza kuichuja gesi inapopita kuelekea msingi wa nyumba. Ndiyo maana ukiitwa kwenye nyumba na hunusi kitu, bado hujajua lolote mpaka mashine iseme. Ukiwa na mafua, waambie wenzako asubuhi.

Simu ya harufu ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gonga mlango kwa mkono, usibonyeze kengele. Pima mlangoni kabla ya kuingia. Ukikuta kipimo cha hatari, watu watoke kwanza, kutafuta chanzo kunafuata. Majira ya baridi ardhi ikiganda juu, gesi haiwezi kupanda ikatoka. Inasafiri pembeni chini ya barafu mpaka ipate ufa wa nyumba, pengine nyumba ya tatu. Toboa ardhi, pima mpaka kwenye kuta, kagua majirani wa kila upande na mashimo ya maji machafu. Tarehe 24 Machi 2023 kiwanda cha chokoleti huko West Reading, Pennsylvania, kililipuka na watu 7 wakafa. Wafanyakazi walikuwa wamenusa gesi na jengo halikuwa limeondolewa watu. Chanzo kilikuwa kiungo cha plastiki cha zamani kilichodhoofishwa na joto la bomba la mvuke lililokuwa likivuja karibu yake. Jua plastiki ya aina gani iko kwenye ardhi yenu, na iko jirani na nini.

Halafu presha. Huko Merrimack Valley, Massachusetts, tarehe 13 Septemba 2018, bomba kuukuu la chuma cha kuyeyusha lilitengwa wakati mirija inayopima presha kwa ajili ya vidhibiti, vifaa vinavyofungua na kufunga gesi ili presha isibadilike, ilikuwa bado imeungwa nalo. Presha ilipoanguka ndani ya bomba lililotengwa, vidhibiti vilidhani mji mzima umeishiwa gesi, vikafunguka na kuingiza presha kupita kiasi kwenye mabomba ya wateja. Mtu mmoja alikufa, 22 walipelekwa hospitali, majengo 131 yaliharibika. Columbia Gas ya Massachusetts ilikiri kosa la jinai na kulipa dola milioni 53. Kabla ya kutenga bomba lolote, uliza kwa sauti: mirija ya kupima iko wapi, na nani amesimama kituoni sasa hivi akitazama geji?

Uchimbaji ni adui wa kila siku. Namba ya simu 811 inafanya kazi nchi nzima tangu 2007: mchimbaji hupiga kabla ya kuchimba, nanyi mnatakiwa kwenda kuweka alama za njano. Kwenye mji, mvunjaji wa utaratibu huu ambaye watu hawamtarajii ni idara ya maji au ya barabara ya mji huo huo, inayochimba bila kupiga simu kwa kuwa wote ni wa ofisi moja. Wafuate mezani kwao kabla hawajaleta tingatinga. Na nyaya za kutambulisha bomba la plastiki zikikatika zirekebishwe siku hiyo, maana bila waya huo bomba la plastiki halionekani kwenye kifaa cha kutafutia mabomba ardhini.

Wiki yako ya kwanza omba kuonyeshwa kitabu cha taratibu, ramani, valvu za dharura kwa miguu na si kwenye karatasi tu, na barua ya mwisho ya mkaguzi. Barua hiyo isome mstari kwa mstari, na kwa kila kosa lililoandikwa humo uliza lilirekebishwa lini, na nani, na karatasi ya ushahidi iko kabati gani.