Barua kwa Mwanangu: Sufuria ya Chozi

Mbeya, Jumapili jioni

Mwanangu Tata,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa miwani ya dada yako, maana yangu ilikuwa imekaliwa na mjukuu. Unataka kujua TAZARA, reli yetu na Zambia, ilimfaidisha nani zaidi, sisi au Wazambia. Ofisini kwenu mnaandaa taarifa ya ushirikiano wa nchi hizi mbili, kwa kuwa Wachina wanarudi kuikarabati reli na kuiendesha, ukaona umuulize mama "kama mtumiaji wa siku nyingi". Mtumiaji! Basi na wewe ni mtumiaji, ila uliitumia ukiwa mgongoni, umefungwa kwa kitenge, na nauli hukulipa.

Takwimu unazo, sitashindana na kompyuta yako. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, 975 upande wetu na 885 upande wao. Ujenzi ulianza 1970, reli ikafika Kapiri 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Marehemu baba yako alikuwa akizitaja namba hizo kama anasali rozari. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililompeleka kuijenga reli hiyo, lilimwachia namba hizo na lile kovu la mguuni alilolipata Mlimba, ambalo kila Krismasi lilikuwa na hadithi mpya.

Lakini hilo "sisi au wao" limenikera kidogo, nikwambie kweli. Si kosa lako. Ninyi mmezaliwa mkakuta geti, mhuri na foleni ya malori mpakani Tunduma. Novemba 1965, Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipojitangazia uhuru wake wa kibaguzi, Zambia ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja tangu ijitawale, na shaba yake ilikuwa inapita kusini, mlangoni kwa huyo huyo Smith. Mtu akifungiwa mlango wa mbele anapita wapi? Uani kwa jirani. Petroli ikawa inapita hapa Mbeya kwa mapipa juu ya malori, matope mpaka kwenye ekseli. Sisi watoto wa Kyela tulikuwa tunasimuliwa na wajomba jinsi malori yalivyokuwa yanaporomoka mabondeni. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA. Reli yenyewe Mwalimu Nyerere na Kaunda wa Zambia waliiombea fedha kwa wakubwa wa Magharibi na Benki ya Dunia, wakajibiwa kwamba hailipi. Wachina wakakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba.

Hapo najipinga mwenyewe kabla hujanipinga. Waliosema hailipi hawakuwa waongo wa hesabu. Reli ile haijawahi kufikisha mzigo iliojengwa ibebe, hata mwaka mmoja. Baba yako ukimwambia hivyo alikuwa anatoka nje kukagua kuku. Kwa hiyo andika, usiogope. Ila andika na hili: upana wa reli ile ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, wakati Reli ya Kati iliyoachwa na Wajerumani ni ya mita moja. Ndiyo maana pale Kidatu, kwa miaka mingi, mzigo ulikuwa lazima ushushwe na kupakiwa upya. Reli iliyo kwetu inashikana mikono na ya jirani bila shida, halafu haiwezi kushikana na ndugu yake wa nyumba moja. Sasa niambie wewe msomi, hiyo ni ya "sisi" au ya "wao"?

Mnanicheka nikisema, lakini nitasema tena: reli haizai undugu, inaukuta.

Chozi wewe unapajua kwa jina la sufuria tu. Ni kituo kidogo upande wa Zambia, ukishavuka Nakonde pale mpakani, kabla hujafika Kasama. Ilikuwa Februari 1990, una miezi minane. Nilikuwa napeleka mchele wa Kyela Kasama na kurudi na dagaa wa Mpulungu, wale wanaowaita kapenta, na baba yako alikuwa hapendi lakini alikuwa anakula. Tulipovuka mpaka ulikuwa unacheka. Baada ya Nakonde mwili ukaanza kuchemka. Sina dawa, sina maji safi, na jirani yangu kwenye behewa ananiambia mtoto huyu macho yake siyapendi.

Treni ikasimama Chozi kupisha ya mizigo. Nikashuka, maana humo ndani nilikuwa nakosa hewa. Wanawake walikuwa wanauza viazi vya kuchemsha na karanga, na mmoja, mtu mzima, akanisalimu, "Mwapoleni", akakushika paji la uso bila kuniomba ruhusa. Akaanza kunisemesha Kinyamwanga. Na mimi, mwanangu, niliolewa kwa Wanyamwanga na kwa miaka minne nilikuwa nimegoma kujifunza lugha ya bibi yako. Kwa ubishi tu. Nilikuwa najiambia Kiswahili kinatosha. Siku ile nilisimama pale kama bubu, natafuta maneno ambayo mama mkwe alikuwa ananitupia kila asubuhi nami nayakwepa.

Neno moja nililielewa: anauliza mtoto ni wa nani. Nikasema, "Simwinga." Yule mama akaacha viazi vyake. Akajipiga kifua: "Namwinga!" Unajua mwenyewe ukoo wenu unavyoitana, wanaume Si-, wanawake Na-, Momba kwetu ni hivyo, na kumbe Chozi ni hivyo hivyo. Akakuchukua mikononi mwangu, akakuita "tata", baba. Kizee kile kinamwita mtoto wa miezi minane baba yake! Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Jina hilo likakuganda mpaka leo, hata mwalimu wako wa darasa la kwanza alidhani ndilo la ubatizo.

Alitupeleka chini ya kibaraza chake, hatua chache tu. Akakupangusa kwa kitambaa cha maji. Akaleta uji wa ulezi kwenye sufuria ndogo, ile ile unayoijua, yenye mpini uliolegea, akakulisha kijiko kwa kijiko huku anakuimbia. Ukala. Tangu homa ianze ulikuwa unakataa kila kitu, kwake ukala. Halafu honi ikalia. Nikakurusha mgongoni, nikafunga kitenge nikiwa nakimbia, na nilipodandia behewa ndipo nikaona sufuria iko mkononi mwangu na uji umenimwagikia gauni zima. Nikageuka. Amesimama njiani, anacheka, ananipungia mkono. Nilielewa kwamba anasema chukua.

Au alikuwa anasema rudisha. Sijui, na siku hizi usingizi wa uzee ukigoma ndilo ninalolipigia hesabu.

Kasama ulichomwa sindano, na hakuna aliyeniuliza mimi ni raia wa wapi. Jioni homa ikashuka. Hayo uliyajua. Usilolijua ni hili, nami nimechelewa kulisema. Nilipita Chozi mara nyingine mbili. Mara ya kwanza usiku wa manane, giza tupu. Mara ya pili mchana, na sufuria nilikuwa nimeibeba, nimeisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Kibaraza nilikiona kutoka dirishani. Lakini nilikuwa na mafurushi sita ya mchele, na safari iliyotangulia niliibiwa moja. Nikajiambia, nikishuka nitapoteza mtaji. Nikasema nitashuka wakati wa kurudi. Kurudi nikapata lori la moja kwa moja hadi Tunduma. Halafu akazaliwa dada yako, biashara ikafa, mambo yakawa mengi.

Mafurushi sita. Yule mama aliacha biashara yake nzima kwenye jua kwa ajili ya mtoto wa mgeni, mimi nikashindwa kuacha mchele kwa robo saa. Unaweza kuniambia nilikuwa na watoto wa kulisha. Najua. Huwa najiambia hivyo hivyo, na sufuria haikubali.

Sasa ukiniuliza nani alifaidika zaidi, mimi nimebaki na sufuria ya watu. Reli haizai undugu, ila ngoja, nijipinge tena: bila treni ile ningefika lini Chozi? Ningezeeka Mbeya nikimnunia mama mkwe, nikidhani lugha yake inaishia kwenye uzio wake. Bibi yako alinifundisha Kinyamwanga baada ya safari ile, kwa miezi sita, na kila siku alinichamba kwanza. Kwa hiyo labda haizai, lakini inamlazimisha mtu mbishi kuhesabu ndugu zake. Usiliandike hilo, halijakaa sawa.

Kuhusu Wachina wa sasa, nilimwona Rais Samia na Rais Hichilema kwenye televisheni wakiwa Beijing, Septemba 2024, hati ya makubaliano inasainiwa mbele yao na Rais Xi. Nilikumbuka makaburi ya Gongo la Mboto, alipokupeleka baba yako ukauliza kwa nini Wachina hawakuzikwa kwao. Wale wa kwanza walilala kwenye mahema na vijana wetu, wengine wakabaki udongoni. Hawa wanakuja na mkataba wa biashara. Je, ni vibaya? Mkopo wa kwanza ulikuwa wa huruma, na reli tukaiacha ichoke. Labda biashara itaitunza kuliko huruma. Labda. Nina jibu langu na liko mdomoni kabisa, lakini nikilisema utaliweka kwenye taarifa yenu, "mwananchi mmoja wa Mbeya alisema", kisha mkubwa wako atalifuta. Nitakwambia ukija Pasaka, ukisonga ugali.

Umesema safari yenu ya ukaguzi itafika Kasama. Mchele nimeutuma kwa basi la jana usiku, kilo kumi, mifuko miwili. Mmoja ni wako. Ule uliofungwa kwa kamba nyekundu usiufungue. Ukifika Chozi shuka, ulizia kwa akina Namwinga, na usiwaambie unatoka ofisi gani. Sufuria sikupi. Nitaipeleka mwenyewe, goti likikubali.

Mama yako